Kwa Nini Hondohondo Jike Hujizibia Mtini

Siku ya tisa baada ya mkewe kujifungua, mpwa wangu Kibwana alikuwa amenuna. Tulikaa kwenye benchi nje ya nyumba yake, mimi, yeye na majirani wawili, tunamenya karanga. Mkewe, Mwajabu, alikuwa ndani na mtoto, asitoke mpaka arobaini itimie, na mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni kama afisa wa forodha. Kibwana akileta ndizi, akileta samaki, akileta kuni, mzigo ulipokelewa na mlango ukarudishwa. Mwishowe akanigeukia.

"Mjomba, mimi hapa ni baba au ni mchukuzi?"

Swali zuri, na mimi si mtu wa kuulizwa. Nimeendesha malori kutoka Tanga mpaka Lubumbashi kwa miaka ishirini na mbili. Nimelala Tunduma mara nyingi kuliko nilivyolala kwangu. Mwanangu wa kwanza alizaliwa nikiwa kwenye foleni ya mpakani, na nilipofika nyumbani alikuwa ameshaota meno mawili. Salamu aliyonipa ilikuwa kuning'ata. Kwa hiyo sikumjibu kwa busara zangu. Nilimweleza habari ya ndege mmoja, kama bibi yangu alivyonieleza huko kwetu milimani Usambara, maana ndege huyo alilijua jambo hili mapema kuliko mimi.

Nilimwambia hivi.

Ulikuwepo wakati ambapo hakuna ndege aliyekuwa na kiota chake. Wakati huo mayai yote yalikuwa meupe na ya kipimo kimoja, la korongo sawa na la chiriku, na ndege wote walitaga mahali pamoja, ndani ya pango la mvule mkubwa ukingoni mwa msitu. Mahali pale paliitwa Tagioni. Jike akijisikia mzito alikuja, akataga, akajikung'uta manyoya, akaenda zake. Kuatamia kulikuwa kwa zamu. Korongo, kwa kuwa alikuwa na miguu mirefu na hakupenda kuinama kufanya kazi, alichaguliwa kuwa msimamizi. Alichora zamu kwa ukucha kwenye gome la mti: leo kanga, kesho njiwa, keshokutwa kwezi. Vifaranga wakianguliwa, yeyote aliyekuwa karibu alimchukua aliyemwangukia mbele ya miguu, akaenda kumlea.

Wala msidhani walikuwa na roho mbaya. Watoto walishiba na walifundishwa adabu. Ila visa havikukosekana. Njiwa alilea bata, akazimia siku alipomwona mwanawe anatembea kuingia mtoni. Mwewe alilea vifaranga wanne wa kanga kwa heshima kubwa kabisa mpaka waliponenepa. Siku hiyo aliwaaga, akahamia kilima cha pili, akisema hajiamini tena. Lakini hakuna aliyewahi kuuliza huyu ni wa nani. Swali lenyewe lilionekana la utovu wa adabu, kama kumwuliza mgeni ataondoka lini.

Katika ndege hao alikuwepo hondohondo jike, jina lake Bi Hondo. Alikuwa ndege wa safari, kama baadhi yetu, na mumewe vilevile. Mkia wake ulikuwa mrefu, na mabawa yake yalivuma angani kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza, naye aliupenda mvumo huo kuliko kitu chochote. Masika matatu yalipita hajataga. Wenzake walikuwa wameacha kumwuliza, na kuacha kule kulimwuma kuliko maswali. Masika ya nne akataga yai moja. Lilimsumbua tangu jua linachomoza mpaka likasimama utosini. Lilipotoka akajikung'uta manyoya kama desturi, akageuka aende zake, na miguu ikakataa.

Hakujua afanye nini na miguu ile. Aliruka mpaka mti wa jirani, akarudi. Korongo akamkumbusha kwamba zamu yake ni siku ya sita. Bi Hondo akasema anajua, alikuwa anapita tu. Siku ile alipita tu mara saba.

Kanga, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika tangu dunia iumbwe, akamvaa. "Mwenzangu, yai ni yai. Umetaga wewe, ataatamia fulani, atalea fulani. Mbona unalilinda kama umeliumba?"

Bi Hondo alijibu kwamba kuumba hajui, ila lile yai analijua. Wakacheka. Korongo, ili amkomeshe, akaamuru mayai yachanganywe. Yalikuwa kumi na mawili. Bi Hondo akageuzwa uso, kanga akayavuruga kwa miguu, kisha wakamwambia haya, onyesha. Bi Hondo aliinama, akaliwekea kila yai shavu lake, moja baada ya jingine, na kwenye la saba akatulia. Wakasema kabahatisha. Wakavuruga tena, akalipata tena. Mara ya tatu hawakucheka.

Bibi yangu hakuweza kueleza alilijuaje, nami sijaribu. Bibi alisema tu kwamba kitu kilichokaa ndani yako, hata kikitoka, kinaacha mahali pake mlemle, na mahali pale hapaachi kukiita.

Basi ikafika siku ya kumbikumbi. Mvua ilinyesha asubuhi, jua likatoka ghafla, na ardhi ikafumuka kumbikumbi kama moshi. Asiyewajua kumbikumbi asilaumu yaliyofuata. Mimi mwenyewe nimewahi kusimamisha lori la tani thelathini kwa ajili ya kumbikumbi, na bosi wangu mpaka leo anaamini ilikuwa tairi. Zamu ilikuwa ya kanga. Kanga akamwona kwezi anapita, akaamini amekuja kumpokea, akaondoka. Kwezi akamwona korongo amesimama karibu, akaamini msimamizi yupo, akaondoka. Korongo akaona ni wajibu wake kwenda kusimamia ndege wasigombane huko kwenye kumbikumbi, akaenda, na usimamizi akauanza kwa kuonja.

Bi Hondo naye alikuwa kulekule. Bibi hakumsitiri katika hilo: alikula kama wengine, na mabawa ya kumbikumbi yalimganda kidevuni. Katikati ya kula akasita.

"Nani yuko Tagioni?"

Kanga, mdomo umejaa, akamwonyesha kwezi. Kwezi akamwonyesha korongo. Korongo akameza kwanza, halafu akamtazama kanga.

Bi Hondo hakungoja amalize kumtazama. Alifika mvuleni akakuta mwili wa kenge nusu ndani ya pango, nusu nje. Mayai kumi yalikuwa yameshaliwa. Mawili tu yalibaki kule ndani kabisa, yameviringika mpaka kwenye pembe, na ulimi wa kenge ulikuwa unayatafuta. Safari hii hapakuwa na nafasi ya kuweka shavu na kupima lipi ni lipi. Bi Hondo alipita juu ya mgongo wa kenge, akajitupa kwenye pembe ile, akayafunika yote mawili, mgongo akaupa mlango. Kenge akamng'ata mkia, akavuta. Mkia ule uliosifiwa msitu mzima ukang'oka wote, lakini mwenye mkia hakusogea.

Mumewe alisikia kelele, akaja, akamdonoa kenge kwa nyuma mpaka akaporomoka chini ya mti. Kuporomoka, lakini si kuondoka. Kenge aliyeonja kumi anajua kuna mawili. Alijilaza kwenye mizizi, akafumba jicho moja, akangoja.

Bi Hondo aliutazama mlango wa lile pango, mpana wa kupita ndege watatu kwa pamoja. Akamtazama mumewe anavyohema. Kisha akamwambia, "Niletee udongo."

Mvua ya asubuhi ilikuwa imeulainisha udongo mwekundu wa kingo za kijito. Mume akaleta donge, akaleta jingine, na Bi Hondo, kwa ndani, akakandika kwa ubavu wa mdomo wake kama mtu anayepiga lipu. Mume alileta madonge mengi bila kufikiri, kama tunavyofanya tukitumwa na wake zetu, mpaka tundu lilipobaki dogo kuliko kichwa chake. Hapo ndipo akili ikamfika.

"Ukiziba, utatokaje?"

"Sitoki."

"Utakula nini?"

Bi Hondo alibandika donge lililokuwa mdomoni. Kisha akasema, "Utakacholeta."

Akaendelea kukandika. Kenge alipopanda tena mchana alikuta ukuta, na katikati ya ukuta ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo, na ncha yenyewe ilikuwepo, ikamchoma puani. Alijaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno, udongo ukawa umeshaanza kukauka. Akaenda zake.

Ndege waliporudi, matumbo yamejaa na nyuso zimewapauka, waliona maganda kumi chini ya mti. Mawili yalikuwa ndani, na Bi Hondo alikuwa ameshayawekea shavu: moja lilikuwa lake. Lilibaki moja, na majike waliosimama pale walikuwa kumi na mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu ulimwengu uwe, kila mmoja alitaka kujua. Walilia, na hakuna aliyejua kama amefiwa. Aliyetaka kutumaini aliona haya mbele ya wenzake, na aliyetaka kuomboleza hakujua aanzie wapi, maana hakuwahi kuweka shavu. Bibi alikuwa akifika hapo anashusha sauti. Alisema msiba mbaya kuliko yote ni ule usiojua kama ni wako.

Korongo akajikaza, akasogea kwenye ufa. "Bi Hondo, toka shemeji. Kenge ameondoka. Tutapanga zamu upya, wawili wawili, za uhakika."

Sauti ikatoka ndani, imetulia kabisa. "Wapangie wengine. Yangu haina wa kunipokea."

Basi zikaanza siku za mume. Kila asubuhi alikwenda kutafuta makuyu, akayajaza kooni mpaka shingo ikavimba, akarudi, akayapandisha moja moja na kuyapitisha kwenye ufa. Mara tano kwa siku, mara sita. Hakuona kitu ila ncha ya mdomo inayopokea. Huko ndani Bi Hondo alianza kung'oa manyoya ya mabawa yake, moja leo na jingine kesho, akiyatandika chini ya mayai, mpaka akabaki ngozi. Yule aliyependa kusikia mabawa yake yanavuma sasa asingeweza kuruka hata kutoka tawi hadi tawi. Maisha yake yote, na yale mayai mawili, yalining'inia kwenye ufa mmoja na kwenye koo la dume mmoja.

Naye dume alitaniwa. Kanga alimwambia, "Shemeji, hata yai lenyewe hulioni. Wewe unaulisha mti." Wengine wakalishika hilo, ikawa kila akipita wanamwuliza mti unaendeleaje. Aliendelea na makuyu yake. Na kweli, hakubeba, hakutaga, wala miguu yake haikuwahi kumkatalia. Jike alikuwa na mahali ndani yake panapomwita. Yeye alichokuwa nacho ni ufa.

Siku ya ishirini, ng'ambo ya bonde, mkuyu mkubwa uliiva kwa wingi, na madume wakakusanyika. Palikuwa na makuyu, kivuli na hadithi za safari. Simdharau kwa kuchelewa kwake. Nawajua madume wa namna hiyo, na mmoja namnyoa ndevu kila asubuhi. Alijiambia nasikiliza hadithi hii moja, kisha hii nyingine, na jua likapita utosini na kuanza kuteremka. Akachuma kuyu zuri kuliko yote aliyoyaona siku hiyo, akataka kulimeza yeye mwenyewe, na koo likakataa. Alijaribu tena. Likakataa kama ile miguu ilivyokataa. Hapo akajua kwamba jambo lile limemfika na yeye, kwa njia yake. Akajaza makuyu kooni, akaliacha baraza katikati ya hadithi, akaruka.

Alikuta ncha ya mdomo iko ufani, imekauka, haichezi. Njiani alikuwa ameshatunga maneno kuhusu upepo mkali. Hakuyahitaji. Alipitisha kuyu la kwanza, likapokelewa polepole. La pili, la tatu, mpaka koo likabaki tupu. Kisha sauti ikatoka ndani, nyembamba.

"Wewe umekula?"

"Nimekula," akasema.

Hakuwa amekula. Na tangu siku ile hakuchelewa tena.

Yai la kwanza kupasuka lilitoa kifaranga kidogo kuliko kuyu. Sauti yake ilikuwa hafifu, ndege wengi hawakuisikia. Kwezi aliisikia akiwa anapita juu ya msitu. Alishuka kama jiwe, akang'ang'ania ukuta wa udongo, wala hakuna aliyekuwa amemwita. Bi Hondo hakuuliza maswali. Alikuwa amemwatamia yule mtoto siku zote bila kumbagua, amemtandikia manyoya yake mwenyewe, naye sasa alimnyanyua kwa ncha ya mdomo, akampitisha ufani, wa moto bado. Kwezi alimfunika kwa bawa, akamwekea shavu. Korongo alisimama mbali akitazama. Kisha alikwenda kwenye gome alikochora zamu za miaka yote, akazifuta kwa mguu wake.

La pili lilipasuka siku ya arobaini. Alitoka mtoto mwekundu, hana unyoya, macho yamefumba, mdomo mkubwa kuliko kichwa na kichwa kikubwa kuliko mwili. Kwa uaminifu wangu wote niwaambie, hakuna kifaranga mwenye sura ngumu kama wa hondohondo. Bi Hondo, naye hana unyoya, alimtazama, akaona hajapata kutokea ndege mzuri namna ile. Akamwita mumewe aangalie. Mume akaweka jicho ufani. Aliona giza, na katikati ya giza mdomo umeachama.

"Kanifanana," akasema, akageuka kutafuta makuyu, safari hii mara mbili ya jana.

Bi Hondo alitoka pale manyoya yake na ya mtoto yalipoota kwa pamoja. Waliubomoa ukuta wawili wao, yeye akiwa amenona na kukakamaa, mumewe nje amebaki mifupa na mdomo. Akaruka, kwa shida, na mabawa yakavuma. Lakini sasa aliposikia mvumo ule hakuangalia mbele. Aligeuka nyuma kuona kama mtoto anafuata.

Na tangu siku hiyo hakuna Tagioni. Kila ndege hujenga chake. Majike walianza kuyatia mayai yao rangi na madoa, huyu samawati, yule ya kahawia, asije mtu akalia tena bila kujua analilia lipi. Ni hondohondo aliyeacha lake jeupe, maana aliyekaa nalo gizani kifua kwa ganda hana haja ya alama. Kila akitaka kutaga huingia mtini, mumewe akaleta udongo, akajizibia. Na ukisikia mchana mabawa mazito yanavuma juu ya msitu, usimwulize anakwenda wapi. Ana koo limejaa.

Wanawake waliokwenda kuokota kuni waliyaona hayo, wakayapeleka nyumbani. Wakahesabu siku za yai lile, wakampa aliyejifungua siku hizohizo za kukaa ndani na mwanawe, na mume wakamwachia njia ya kwenda na kurudi. Hivyo ndivyo alivyosema bibi yangu. Shehe wa msikiti wetu ana maelezo mengine, naye ni msomi, msikilizeni. Mimi nimesoma vibao vya barabarani tu.

Nilipomaliza, majirani walikohoa. Kibwana akajikung'uta maganda ya karanga. Aliinuka, akachukua chupa ya uji iliyokuwa miguuni pake, akazunguka ubavuni mwa nyumba. Mama mkwe alimwona, akageuza uso akajifanya anatafuta sindano kwenye khanga. Dirisha la chumba lilikuwa limefunguliwa kidogo tu, upana wa kiganja. Mkono ukatoka, ukaipokea chupa. Halafu tukasikia sauti ya Mwajabu, ya chini, ya mtu mwenye mtoto aliyelala kifuani.

"Wewe umekula?"

Tangu alfajiri Kibwana alikuwa hajatia kinywani kitu ila karanga zangu nane.

"Nimekula," akasema.

Aliporudi kukaa hakuwa amenuna tena. Niliisogeza sahani yote ya karanga upande wake wa benchi, nikatazama kwingine.